Mvua Ndani ya Mtungi Mkongwe

Mfuniko ulikuwa umeegemea ubavu wa mtungi, palepale alipouacha jana. Miran aliuona akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Mitungi ya nyumba ile ilipangwa uani juu ya jukwaa la mawe, mikubwa nyuma na midogo mbele, kumi na mmoja jumla. Kumi ilikuwa imefunikwa vizuri. Huo mmoja, mtungi mkongwe, ulikuwa umeachama, na mvua ilikuwa imepiga tangu magharibi mpaka alfajiri.

Alivuka ua bila kuvaa kile kiatu cha pili. Ndani, mchuzi wa soya ulikuwa umepanda vidole viwili juu ya alama yake, na rangi yake ya lami ilikuwa sasa kama ya chai kavu.

Ungekuwa mtungi mwingine wowote, angelia kidogo na yangekwisha. Lakini mkongwe haukuwa wa kupikia. Ulikuwa mbegu. Bi Malsun, mama wa mumewe, aliukuta mwaka alioolewa, na aliyemkabidhi naye aliukuta. Kila majira ya kuchipua, mchuzi mpya ulipotenganishwa na mabonge ya soya uliyolowekwa nayo, kila mtungi ulitiwa upawa mmoja wa mchuzi mkongwe ili ushike ladha ya nyumba, kisha mkongwe ukajaziwa kwa mchuzi wa mwaka uliopita. Hivyo haukuwahi kuisha. Sasa una maji ya mvua. Mchuzi wenye maji huoza, na upawa mmoja wa uozo ungetosha kuiharibu mitungi yote mipya. Siku ya kutenganisha ilikuwa imeshapangwa, Siku ya Farasi, siku ya heri kwa kazi za mitungi, kama kalenda ya ukutani ilivyoonyesha. Zilibaki siku tisa.

Wala hakuusahau ule mfuniko. Hilo ndilo lililomkausha mate. Angekuwa amesahau, angesema.

Jana asubuhi jua lilitoka baada ya siku tatu za mawingu, naye akafunua mitungi yote ili ipate joto, kama ilivyo desturi. Alasiri mbingu ikageuka. Bi Malsun alikuwa amekwenda mjini kuchomwa sindano ya magoti. Miran akamfunga mtoto wake Sebin mgongoni kwa mbeleko, akatoka kufunika, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mkongwe akainama kuokota mfuniko, uzito wa mtoto ukasogea shingoni, na ile picha ikaja.

Picha yenyewe ilikuwa hivi: mbeleko inalegea, mtoto anateleza juu ya bega, kichwa mbele, anaingia kwenye ule mdomo mweusi bila kutoa sauti. Ilikuwa imeshamjia mara nyingi tangu ajifungue. Dirishani ilikuja. Kwenye beseni la kuogea ilikuja, na kwenye kisu cha jikoni, mpaka akawa anakata figili kwa kisu cha siagi. Lakini haikuwahi kuja kwa karibu namna ile, ikiwa na harufu na kila kitu. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha akakimbia. Akakaa chumbani, mtoto akiwa kati ya mgongo wake na ukuta, mikono yote miwili imekamata fundo la mbeleko, mpaka giza likaingia na mvua ikaanza. Aliisikia mvua. Alijua mtungi mmoja uko wazi. Miguu ndiyo iliyokataa.

Sasa akisema habari za mfuniko, ataulizwa kwa nini. Na akijibu kwa nini, Gichol, mumewe, atapigiwa simu kule kwenye ghala la matairi Gwangju anakofanya kazi, atakuja na gari, na Sebin atapelekwa kwa dada wa Gichol, mjini Busan, mpaka mama yake akili zimkae sawa. Hivyo ndivyo alivyoona. Na kilichomnyima usingizi si kwamba wangekosea. Ni kwamba huenda wangekuwa sahihi.

Basi akafanya lisilofanywa. Akachukua upawa mrefu, akakoroga. Mtungi mkongwe haukorogwi, hata watoto wa kijiji wanajua. Alikoroga mpaka ile chai ya juu ikazama na weusi ukarudi, akafunika, akafuta ukingo kwa aproni, akavaa kiatu chake.

"Mama Sebin," Bi Malsun aliita kutoka ndani, "mtoto anakula ngumi yake."

"Nakuja, Mama."

*

Ilikuwapo siku ambapo Miran angeutia ulimi wake kwenye mtungi ule na kueleza mvua ilinyesha saa ngapi. Huo haukuwa utani wa mbali sana. Siku ya kwanza Gichol alipomleta nyumbani kumwonyesha kwa mama yake, yeye akiwa mpishi wa shule ya msingi tu, asiye na makuu, alichovya tango kwenye kibakuli cha mchuzi, akatafuna, akasema kwa upole kwamba mchuzi huu umetoka mitungi miwili, na mmoja wao haupati jua la asubuhi. Gichol alicheka. Mama yake hakucheka. Aliweka kijiko chini akauliza ni nani aliyemwambia. Hakuna aliyemwambia. Mwaka uliofuata alikuwa ameolewa na funguo za stoo ya chumvi zilikuwa mfukoni mwake.

Ikawa majirani wanakuja na vibakuli vyao. "Miran, onja hii, halafu mwambie mume wangu kwamba si kosa langu." Bi Malsun mwenyewe alikuwa hasemi neno kuhusu mtungi wowote kabla hajamuuliza: wewe unaonaje? Miran alidhani ni heshima.

Kisha Sebin akazaliwa, mwezi wa Desemba. Bi Malsun, mtu wa zamani, alisokota kamba ya majani ya mpunga kwa mkono wa kushoto, akachomeka makaa na vitawi vya msonobari kwa kuwa mtoto ni wa kike, akaitundika langoni ili mgeni asiingie siku ishirini na moja. Kamba kama hiyohiyo ilikuwa shingoni mwa mtungi mkongwe, mwaka mzima. Ndani, mzazi alipikiwa supu ya mwani mara tatu kwa siku. Bakuli la kwanza Miran alilisubiri kwa hamu. Alipoonja, lilikuwa kama maji yaliyokamuliwa kwenye tambara. Akafikiri ni uchovu. La pili likawa vivyo hivyo. La arobaini pia.

"Vipi?" mama mkwe aliuliza kila mara, amesimama na upawa.

"Tamu, Mama."

Ulimi ulikufa, na vingine vikafuata kimyakimya. Alikuwa akimnyonyesha mtoto huku akiangalia ukuta. Nguo alizokuwa akizipenda zilimtazama kabatini kama nguo za mtu aliyehama. Jina lenyewe lilikwenda, maana tangu siku ile kila mtu alimwita Mama Sebin, naye aliona ni sawa kabisa. Yule aliyeitwa Miran alikuwa na ulimi.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuja mara moja na karatasi yenye maswali kumi. Je, unaweza bado kucheka? Je, unaogopa bila sababu? Bi Malsun alikuwa amekaa hapohapo akimenya vitunguu saumu. Miran alijaza majibu ya mtu mwenye furaha, yote kumi, na muuguzi akamsifu kwa mwandiko mzuri.

*

Siku ya pili baada ya mvua alijaribu kuuonja mchuzi. Alichovya kidole, akakiweka katikati ya ulimi, kisha pembeni, kisha nyuma kabisa. Alijua kitu kimelowa. Zaidi ya hapo, ilikuwa kama ameramba dirisha.

Akamimina kidogo kwenye kibakuli, akampelekea Bi Malsun ndani. Alisema, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi njiani, kwamba Siku ya Farasi inakaribia na Mama hajaupitia mkongwe mwaka huu. Bi Malsun alionja. Alizungusha mdomoni, akafumba macho, akatoa sauti ndogo ya kuridhika.

"Vilevile," alisema. "Wewe unaonaje?"

"Vilevile, Mama."

Siku hiyo nzima Miran alitembea akiwa mwepesi. Mwenye mtungi ameonja, amesema vilevile. Labda vidole viwili si kitu. Labda mtungi wa umri ule hunywa mvua na kuimaliza. Aliosha nepi huku karibu anaimba.

Siku ya nne akafunua na kuona utando.

Ulikuwa mweupe, mwembamba, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Aliuondoa kwa kitambaa safi na kukizika kitambaa nyuma ya banda la kuku. Siku ya tano ulirudi. Siku ya sita ulirudi ukiwa mkubwa zaidi. Kila alfajiri aliamka kabla ya mama mkwe, akamwacha Sebin katikati ya godoro amezungukwa na mito pande zote, akatoka mbio, akauondoa utando, akarudi mbio kuona kama mtoto bado anapumua. Alipokuwa akipita karibu na kisima cha zamani, kile kilichofunikwa kwa mlango mzima wa nyumba, komeo na yote, na mawe matatu juu, alitamani na mtungi ule nao ungekuwa na mlango na mawe.

Siku ya saba alifika ukingoni. Mtu akisema vilevile na utando ukasema la, lazima kiwepo cha tatu cha kuamua. Na hapo, akiwa amesimama jikoni na trei ya mayai mkononi, kitu fulani kilimcheka kutoka zamani.

Yai. Nani anahitaji ulimi?

Kila mwaka, maji ya chumvi ya kulowekea soya yalipimwa kwa yai bichi. Unaliweka majini, linaelea, unaangalia kipande kinachochungulia juu. Kikiwa kipana kama sarafu ya mia tano, chumvi inatosha. Aliyafanya hayo mara mia. Katika mchuzi mkongwe, uliokolea miaka na miaka, yai lilikuwa linalala juu kama boti, nusu yake nje.

Alimwacha Sebin ndani, akausogelea mtungi huku amejikaza, akalishusha yai kwa kijiko. Lilizama, likafikiri, likapanda. Kilichochungulia hakikuzidi ukucha wa kidole kidogo.

Alikaa juu ya jiwe. Kwa hiyo ni kweli. Kisha likamjia la pili, polepole, kama mtu anayepanda ngazi. Mchuzi umepungua chumvi hivi, na Bi Malsun, aliyeonja mitungi hii miaka hamsini na minne, kasema vilevile. Akakumbuka kabichi ya kuchachusha ya mwaka huu, iliyowachoma midomo wageni kwa chumvi, watu wakanyamaza kwa adabu. Akakumbuka lile "wewe unaonaje" la kila siku. Haikuwa heshima. Mama yule alikuwa kipofu wa ulimi, na yeye ndiye aliyekuwa fimbo yake.

Nyumba nzima haikuwa na mtu wa kuonja, na zilibaki siku mbili.

*

Asubuhi ya Siku ya Farasi, Bi wa Gurye alifika mapema. Jirani huyu, kama wanawake wengi wa rika lake, aliitwa kwa mji aliotoka alipoolewa, na hakuna aliyekumbuka jina lake lingine. Alikuja na aproni yake, upawa wake, na malalamiko kuhusu mume wake, anayekoroma, alisema, mpaka mbwa wa jirani anajibu. Alimminya Sebin shavu pale mgongoni kwa mama yake, akasema mtoto huyu ana videvu vingi kumzidi yeye.

Walifanya kazi vizuri. Mabonge ya soya yalitolewa kwenye maji yake, yakapondwa kuwa rojo, na mchuzi mpya ukachujwa kwenye mitungi iliyooshwa. Miran alikuwa ameuondoa utando kabla ya jua. Alikuwa amejiambia kwamba atasema wakati wa kupanga mitungi. Kisha kwamba atasema wakati wa kuchuja.

Bi Malsun alifungua kamba shingoni mwa mkongwe, akaugusa ukingo kwa kiganja kama anavyofanya kila mwaka, akachota upawa wa kwanza. Akageuka nao kuelekea kwenye mtungi mpya wa mwanzo. Miran akaona mkono wake mwenyewe umefunika mdomo wa mtungi ule.

"Usimimine, Mama."

"Toa mkono. Utakuchuruzikia."

"Umeingia maji. Niliuacha wazi siku ile ya mvua."

Kuku alipita kati yao. Bi wa Gurye alinyoosha kidole, akakichovya ndani ya upawa ukiwa mkononi mwa mwenzake, akaonja, akatema pembeni.

"Malsun, hii hata paka wangu angeiruka. Uliionja lini?"

"Wiki iliyopita."

"Kwa ulimi wa nani?"

Bi Malsun aliurudisha upawa polepole kwenye mtungi, akamgeukia mkamwana wake, na uso wake ulikuwa mbaya. Alisema kwa sauti ya chini, jambo lililokuwa baya kuliko kelele, kwamba mama mkwe wake aliubeba mtungi huu kichwani wakati wa vita akaacha nguo. "Kumi umefunika. Mikono ulikuwa nayo. Huu mmoja ulikukosea nini?"

Swali ndilo hilo lenyewe. Siku tisa alikuwa akilikimbia. Miran alikamata fundo la mbeleko, akatazama mawe ya jukwaa, akaeleza. Alieleza picha ya kwenye mtungi, na ya kisu, na ya beseni. Alieleza kwamba mtoto analala katikati ya mito na yeye halali. Kwamba chakula hakina ladha tangu Desemba na alikuwa akisema tamu. Kwamba alikoroga. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoibwa, na mwisho akasema, "Sijawahi kumgusa vibaya, Mama. Lakini naiona. Sijui kama anayeona hivyo ni mama wa mtu."

Bi Malsun alimjia. Magoti yale mabovu yalipanda mawe mawili ya jukwaa, na mikono yake ikaenda moja kwa moja kwenye fundo la mbeleko. Miran alilishikilia.

"Achia."

"Mama, tafadhali."

"Achia, nimesema."

Miran akaachia. Ndiyo hiyo sasa, aliwaza, wamemchukua. Aliusikia mgongo wake ukipoa mahali mtoto alipokuwa. Bi Malsun alimgeuza Sebin, akamtupia mgongoni kwake kwa ustadi wa zamani, akafunga mbeleko kifuani, akavuta fundo kwa meno. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea kisimani.

"Ule mlango pale unajua ni wa wapi?"

Miran alisema Gichol aliwahi kumwambia umewekwa ili paka asinywe maji.

"Paka. Ule ni mlango wa chumba chetu. Niliung'oa mwenyewe Gichol akiwa na miezi miwili. Baba yake alilala bila mlango majira yote ya baridi, akawaambia watu mke wangu amechanganyikiwa. Hakukosea sana." Alimtikisa mtoto kidogo. "Nilikuwa naiona na mimi, kila nikipita kisimani na ndoo. Gichol anatumbukia. Mkono uliomtupa ni wangu au si wangu, sikujua."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mama mkwe wangu? Yule?"

"Yule," Bi wa Gurye alisema, "hata kisima chenyewe kilikuwa kinamwogopa yeye."

Miran aliuliza ile picha iliacha lini. Alihitaji tarehe. Bi Malsun alifikiri, akasema hajui. Siku moja alipita na ndoo mpaka jikoni, ndipo akakumbuka kwamba hakuiona. Lakini mlango hakuuondoa. Mpaka leo hapendi kuusogelea. Kisha, kama mtu anayemaliza deni dogo akiwa bado na noti mkononi, akasema kwamba ulimi wake ulikufa na homa ya mwaka juzi, na kwamba alikuwa akimtegemea yeye.

"Na wangu umekufa, Mama."

"Nimeshasikia."

Bi wa Gurye aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Yaani nyumba hii, watu wanaisifia mpaka kwetu Gurye, haina ulimi hata mmoja," alisema. "Na mimi mnanilisha kabichi yenu mwaka mzima nikidhani ni mimi mgonjwa."

Bi Malsun ndiye aliyecheka kwanza, akakasirika kwamba amecheka. Akamwambia Miran mambo mawili. La kwanza, ile karatasi ya muuguzi alimwona akiijaza uongo, naye akaendelea kumenya vitunguu saumu, na hilo ni kosa lake mwenyewe. La pili, mkongwe utaokolewa vipi? Aliuliza kwa ukali, na akamwangalia yeye, si Bi wa Gurye.

*

Kama Miran asingekoroga, wangechota maji ya juu wakamwaga. Sasa njia ilikuwa moja, kuuchemsha mchuzi wote mpaka maji ya mvua yaondoke. Ukichemka kidogo unaoza mwezi wa Juni. Ukipitiliza unaungua na ladha ya nyumba inakwenda na moshi. Kati ya hayo mawili palikuwa na muda mfupi, na kila mwaka muda wa namna hiyo ulimngoja Miran na ulimi wake.

Waliwasha moto uani chini ya sufuria kubwa. Miran alisimama na upawa, mgongo ukiwa mtupu, hajui mikono aiweke wapi. Hofu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imebadilisha tu kiti. Akiharibu hapa, ameuua mtungi uliovuka vita. Aliondoa povu. Aliangalia mapovu yakiwa madogo, kisha makubwa na mazito yanayopasuka kwa uvivu. Aliisikiliza sauti, ikishuka kutoka nyembamba kwenda nzito, na akagundua kwamba anaijua sauti ile.

Akamwita Bi wa Gurye, akampa kijiko. Bi wa Gurye alionja, akasema chumvi.

"Inakugonga wapi? Mbele au nyuma?"

"Mdomoni, mwanangu. Inigonge wapi kwingine?"

"Ncha ya ulimi, au huku kwenye taya?"

Bi wa Gurye alifumba macho, akaonja tena kwa uangalifu wa mtu anayesikiliza mlango. Ncha, alisema. Basi bado. Baada ya muda Miran akauliza tena: pembeni. Inakaa au inapita? Inapita. Bado. Akavuta kuni mbili nje ili moto upungue. Bi Malsun alikuwa akizunguka uani na mtoto, akipita mbali na sufuria. Mara ya tano Bi wa Gurye aliweka mkono kwenye taya.

"Huku nyuma. Na imekaa. Halafu kuna utamu unakuja kwa kuchelewa, kama mume wangu."

"Toa moto," Miran alisema. "Wote, haraka."

Mchuzi ulipopoa alishusha yai. Lilielea. Halikulala kama boti, lakini lilichungulia kupita sarafu, na zaidi ya sarafu. Miran aliuliza, si kwa mtu fulani, kama mkongwe utakuwa uleule.

"Hata mwaka jana haukuwa uleule," Bi wa Gurye alisema, anafuta macho kwa ajili ya moshi. "Si mnaujazia kila mwaka?"

Bi Malsun aliinama, mtoto mgongoni, akalitazama yai. "Umefanya vizuri, Miran," alisema, kisha akamwamuru akalete ile kamba ya shingoni mwa mtungi.

*

Miran alimpigia muuguzi simu mwenyewe, akaomba karatasi nyingine. Safari hii aliijaza peke yake chumbani, mlango umefungwa, na mwandiko haukuwa mzuri. Akapelekwa kwa daktari mjini, mwanamke mchovu mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye hakushtuka hata kidogo alipoelezwa picha. Alisema zinawajia kina mama wengi kuliko wanaosema, na kwamba kuziogopa namna ile ni dalili kwamba hataki zitokee. Alimpa vidonge na siku ya kurudi kila wiki mbili. Gichol alikuja na gari, kama Miran alivyoogopa. Hakumpeleka mtoto Busan. Alikaa siku nne, akafunga kisu cha jikoni kwenye droo ya juu, na usiku akawa analala yeye karibu na mtoto ili mkewe alale.

Hayakuisha kwa siku moja. Mwezi wa Mei picha ilikuja mara mbili kwenye ngazi za kituo cha basi. Mtungi mkongwe aliufunika na kuufunua kila siku ya jua, ila kwanza alimkabidhi Sebin kwa bibi yake, na baada ya kufunika alirudi kuhakikisha, na wakati mwingine alirudi mara tatu. Bi Malsun alikuwa anahesabu kwa sauti kutoka dirishani kumchokoza. "Ya pili hiyo. Umesahau kuusalimia mtungi."

Siku ya kuzaliwa kwa Miran ilikuwa katikati ya Juni. Siku hiyo mtu hupikiwa supu ya mwani, hata asipoitaka. Bi Malsun aliipika alfajiri, akaleta bakuli, akasimama na upawa wake mkononi. Sebin alikuwa mapajani mwa mama yake akipiga meza kwa kijiko cha mbao. Miran alijua ataulizwa nini na alijua atajibu nini. Akainywa.

Kitu kikamuuma pembeni mwa ulimi. Alisita. Akanywa tena, kidogo, akaacha ipite polepole kuelekea kwenye taya, na kile kitu kikauma tena, kibaya, kikali, cha kweli kabisa.

"Vipi?" Bi Malsun aliuliza.

"Mama, hii imezidi chumvi."

Bi Malsun alirudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Miaka hamsini na minne hakuna aliyemwambia hivyo mezani pake. "Imezidi kiasi gani?"

"Vijiko viwili. Si vya chumvi, vya mchuzi. Na si wa mtungi mmoja."

Mama mkwe alisimama pale, upawa unadondoka maji sakafuni. Kisha akalichukua bakuli, akaenda nalo jikoni, na Miran akasikia maji yakimiminwa, jiko likiwashwa, mfuniko ukigonga. Alingoja. Bi Malsun alirudi na bakuli linalofuka mvuke, akaliweka mbele yake, akavuta kiti akaketi.

"Na sasa?"

Miran alionja. Alichukua muda wake.

"Bado," alisema.